Mvukuto kwenye injini: historia ya watu wasioridhika na pumzi ya gari

Wadau, leo siasa zipumzike. Wiki nzima nimekuwa kwenye semina na mikutano ya waandishi wa habari, na neno "wadau" nimeliandika mara nyingi mno kwa ajili ya watu nisiowajua. Leo nalitumia kwa watu wangu, yaani ninyi.

Nataka tuzungumzie ugonjwa mmoja wa zamani. Mtu ananunua gari. Gari linawaka, linapanda mlima, linamfikisha kazini. Baada ya mwezi mmoja anaanza kulitazama kwa jicho la pembeni: mbona halikimbii zaidi? Ugonjwa huu hauna kabila wala dini, na dawa zake ni nyingi. Dawa mojawapo ni supachaja: kufunga kwenye injini ya kawaida mashine ya kuisukumia hewa kwa nguvu. Nimetumia majioni kadhaa kusoma habari zake nikidhani nitakutana na vijana wenye kofia za kugeuza nyuma na muziki wa kelele. Badala yake nimekutana na matanuri ya chuma, vita mbili za dunia, kampuni ya magari iliyofilisika na daraja moja lililohamishwa kutoka nchi moja hadi nyingine.

Tuanze na jambo lenyewe. Injini ya petroli haili petroli tu. Kila kilo moja ya petroli inahitaji karibu kilo 14.7 za hewa ili iungue sawasawa. Kwa hiyo shida kubwa ya injini ni hewa. Petroli ni rahisi kuongeza. Hewa ni ngumu. Injini ya kawaida huipata kwa kuvuta yenyewe. Pistoni ikishuka inaacha nafasi tupu, na hewa ya nje inaingia kwa uzito wake, sawa na wewe unavyopanua kifua ukapumua. Haiwezi kupata zaidi ya kile ambacho anga limempa kila mtu.

Na anga si sawa kila mahali. Gari linalotoka Dar es Salaam, usawa wa bahari, likafika Nairobi kwenye mita 1,700 hivi, linakuta mgandamizo wa hewa umepungua kwa asilimia 17 au 18. Dereva hajagusa kitu, fundi hajaharibu kitu, lakini sehemu ya nguvu imebaki pwani. Hata hapa Dar tunapata hasara yetu: hewa yenye joto la nyuzi 32 ni nyepesi kuliko hewa ya nyuzi 15 kwa karibu asilimia 6.

Supachaja inakataa mgawo huo wa anga. Ni pampu ya hewa inayozungushwa na injini yenyewe, kwa kawaida kwa mkanda kutoka kwenye puli ya kranki shafti. Inachukua hewa nyingi kuliko injini ingeweza kuvuta na kuishindilia ndani. Ndugu yake, tabo, anafanya kazi hiyohiyo ila yeye anazungushwa na moshi unaotoka. Tofauti yao ni ya malipo. Tabo anaokota nguvu ambazo zingetupwa kwenye bomba la moshi, lakini anachelewa kidogo kuamka. Supachaja iko tayari muda wote, lakini inakula sehemu ya nguvu inazozitengeneza. Ni mfanyakazi hodari anayekatwa chakula chake jikoni kwa bosi.

Sasa historia. Wazo la kuupa moto hewa kwa nguvu ni la kale kuliko gari kwa karne nyingi. Mhunzi yeyote wa Afrika alilijua. Ndiyo maana Kiswahili kina neno mvukuto. Mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery waliandika kuhusu matanuri ya chuma ya Buhaya, mkoa wetu wa Kagera. Walieleza kwamba mafundi wa huko, yapata miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita, waliingiza mabomba ya mivukuto hadi ndani ya tanuri, na kwa hiyo hewa ilipata joto kabla ya kukutana na mkaa. Wanazuoni wengine walibishana nao kuhusu hewa hiyo ilipata joto kiasi gani. Jambo lisilobishaniwa ni kwamba mtu alikaa pale akivukuta, kwa sababu moto unaojivutia hewa wenyewe haukumtosha.

Mashine ya kuvukuta iliyokuja kupanda juu ya injini ilizaliwa hivyohivyo, kwa ajili ya viwanda. Ndugu wawili wa Connersville, Indiana, Marekani, Philander na Francis Roots, walipata hataza yake mwaka 1860. Ndani ya kasha lao kuna vipande viwili vinavyozunguka kwa kupishana, vyenye umbo kama namba nane. Vinachota hewa upande mmoja na kuimwaga upande wa pili. Ilipata kazi kwenye matanuri ya kuyeyushia chuma na kwenye kuingiza hewa migodini. Mwaka 1870 Alfred Beach alipojenga chini ya barabara ya New York reli ya majaribio iliyosukumwa kwa upepo, upepo huo ulitoka kwenye mashine ya Roots. Gari la petroli lilikuwa bado halijazaliwa.

Mtu wa kwanza ninayeweza kumwita babu wa wagonjwa wetu ni Lee Chadwick wa Pottstown, Pennsylvania. Alikuwa tayari anatengeneza gari kubwa la silinda sita. Katika mwaka 1907 na 1908 yeye na wenzake waliona kwamba injini yao haijai hewa vizuri, wakaifungia feni ya kushindilia iliyoendeshwa kwa mkanda. Mwaka 1908 dereva wake, Willy Haupt, alishinda mashindano ya kupanda mlima wa Giants Despair huko Wilkes-Barre. Tazama mpangilio huo: injini kwanza, mvukuto baadaye. Ndio mpangilio unaofuatwa na vijana wa gereji hadi leo.

Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza, na ndege zikaleta shida ya Nairobi kwa ukubwa wa kutisha. Kadiri rubani alivyopanda juu ndivyo injini ilivyokosa pumzi. Mwaka 1918 mhandisi Sanford Moss wa General Electric alipeleka injini ya ndege aina ya Liberty juu ya mlima Pikes Peak, Colorado, zaidi ya mita 4,200. Injini iliyotoa nguvu za farasi 350 chini ilitoa kama 230 kule juu. Alipoifungia tabo yake ikarudi kwenye 350 na kuzidi kidogo. Yule alikuwa tabo na si supachaja, lakini somo lilikuwa la familia nzima: pumzi ya injini inaweza kununuliwa.

Wajerumani walilileta somo hilo barabarani. Mwaka 1921, kwenye maonyesho ya magari ya Berlin, Mercedes walionyesha magari ya kuuzwa kwa raia yenye kompresa. Moja liliitwa 6/25/40. Namba ya kwanza ilikuwa ya kodi, ya pili nguvu bila kompresa, ya tatu nguvu ikiwa na kompresa. Yaani gari lilikuwa na tabia mbili na zote ziliandikwa kwenye jina! Kompresa ilikuwa na klachi yake. Dereva akiendesha kistaarabu ilikaa kimya. Akikanyaga pedali hadi sakafuni ilishika, na injini ikapiga yowe lililosikika mtaa wa pili. Waliotazama filamu ya Mad Max ya mwaka 1979 wanakumbuka lile gari jeusi ambalo dereva anawasha supachaja kwa kitufe. Kifaa kile cha kwenye filamu kilikuwa pambo, hakikufanya kazi. Lakini Mercedes walifanya kweli karibu miaka 60 kabla. Gari lao la 540K la mwaka 1936 lilitoa nguvu 115 kwa kawaida na 180 kompresa ikishika.

Sasa tufike kwenye ugomvi ninaoupenda kuliko yote, kwa sababu ndani yake limo swali lililonifanya niandike haya.

Uingereza kulikuwa na W. O. Bentley, mtengenezaji wa magari mazito na imara. Alikuwa na msimamo mmoja: ukitaka nguvu zaidi, tengeneza injini kubwa zaidi. Kushindilia hewa kwenye injini aliyoichora yeye alikuona kama kuiharibia maumbile. Upande wa pili alikuwapo Henry Birkin, kijana wa familia ya kitajiri, dereva shujaa aliyefunga kitambaa chenye madoa shingoni. Birkin aliona Mercedes na Waitalia wanakimbia kwa kompresa, akasema tutaachwa. Alimtafuta mhandisi Amherst Villiers atengeneze supachaja, akapata fedha kwa mwanamke tajiri, Dorothy Paget, akafungua karakana yake mwenyewe huko Welwyn. Mwenyekiti wa kampuni, Woolf Barnato, akakubali. Bentley mwenyewe, ambaye jina lake liko kwenye rejeta ya kila gari, alipinga, na akashindwa.

Mashine ikafungwa mbele kabisa, chini ya rejeta, ikizungushwa moja kwa moja na kranki shafti. Injini ya lita 4.5 iliyotoa nguvu 130 hivi katika matengenezo ya mashindano ikapanda hadi 240. Ili kuruhusiwa kukimbia Le Mans ilibidi yatengenezwe magari 50 ya kuuza, na yakatengenezwa. Ni mojawapo ya magari mazuri kuyatazama yaliyowahi kuundwa. Pia halikuwahi kushinda Le Mans. Mwaka 1930 Birkin alimfukuza Rudolf Caracciola na Mercedes yake mbio za kichaa. Mercedes ikafa, gari la Birkin nalo likafa, na ushindi ukaenda kwa Bentley nyingine, ile ya lita 6.5 isiyo na supachaja, akiwa ndani Barnato mwenyewe pamoja na Glen Kidston. Mzee alikuwa amesema tengeneza injini kubwa zaidi. Mwaka 1931 kampuni ikawa mufilisi. Mdororo wa uchumi wa dunia ndio uliohusika zaidi, lakini fedha za majaribio nazo hazikuwa kidogo.

Tusimuonee Birkin, lakini. Mwaka 1930 huohuo, kwenye mashindano makuu ya Ufaransa huko Pau, alishika nafasi ya pili kwa gari lile zito la viti vinne, akiwa kati ya magari madogo yaliyoundwa kwa mashindano tu. Nguvu zilikuwepo kweli. Swali lilikuwa kama sehemu zilizobaki za gari zinaweza kuzibeba kwa saa 24. Wahenga walishajibu: kamba hukatikia pabovu.

Vita ya Pili ikaleta mambo makubwa mawili. La kwanza ni uthibitisho. Injini ya Merlin ya Rolls-Royce, ya lita 27, ilianza vita mwaka 1939 ikiwa na nguvu za farasi kama 1,000 na ikamaliza ikiwa na karibu 2,000, lita ni zilezile. Kilichobadilika ni supachaja bora na, tusisahau, petroli bora yenye oktani ya juu. Hewa iliyoshindiliwa sana inapata joto, na mchanganyiko wenye joto hulipuka kabla ya wakati wake na kuigonga pistoni kama nyundo. Mafundi wetu husema injini inanoki. Oktani ndiyo subira ya petroli: inaifanya ingoje cheche ya plagi. Supachaja bila petroli ya kufaa ni kujichimbia kaburi.

La pili ni vyuma chakavu. General Motors walikuwa na injini za dizeli za mfululizo wa 71, zilizoanza mwaka 1938. Namba ya mbele ni idadi ya silinda, na 71 ni ukubwa wa kila silinda kwa inchi za ujazo. Injini hizo za mipigo miwili haziwezi kupumua zenyewe, kwa hiyo kila moja ilikuwa na mashine ya Roots ubavuni ya kufukuza moshi na kuingiza hewa safi. Zilisukuma mashua za kuteremshia askari ufukweni, zikaingia kwenye vifaru na mabasi. Vita ilipokwisha yadi za Marekani zilijaa mashine hizi kwa bei ya kutupa.

Vijana wa California walioacha jeshi waliziona na wakapata wazo. Mwishoni mwa miaka ya 1940 fundi Barney Navarro aliichukua mashine ya dizeli ya silinda tatu, ile 3-71, akaiweka juu ya Ford ya V8. Wengine wakafuata kwa 6-71 kubwa zaidi. Hakuna kiwanda kilichowaruhusu, hakuna kitabu kilichowaelekeza. Walichonga puli, wakatengeneza vikalio vya kabureta, wakajaribu, wakalipua, wakajaribu tena. Hadi leo magari ya dragi ya daraja la juu kabisa Marekani, yenye zaidi ya nguvu 10,000, yanabeba juu yake mashine ya ukoo huohuo wa Roots, na namba yake bado inaandikwa kwa mtindo wa lori: 14-71. Jamani, mvukuto wa tanuri ulipita kwenye lori la vita hadi kwenye gari la kasi kuliko yote, na jina la ukoo limebaki!

Waliotaka nguvu bila kuingia kwenye yadi ya vyuma chakavu walikuwa na Robert McCulloch. Huyu alirithi mali nyingi, na kuanzia mwaka 1937 akauza supachaja za kufunga kwenye Ford V8. Miaka ya 1950 akaleta aina nyingine, chini ya jina la Paxton, iliyoweza kubadili kasi yake kulingana na mguu wa dereva. Viwanda vikaanza kununua kwake. Kaiser wakaifunga mwaka 1954 na gari lao likapanda kutoka nguvu 118 hadi 140. Mwaka 1957 Studebaker na Ford nao wakaitumia. Thunderbird ya Ford ikafika 300. Mwaka huohuo NASCAR wakapiga marufuku supachaja kwenye mashindano yao, na hamasa ya viwanda ikapoa. McCulloch hakulia njaa, maana alikuwa pia na biashara ya misumeno ya injini. Mwaka 1968 alinunua Daraja la London kwa dola 2,460,000, akalibomoa jiwe kwa jiwe na kulijenga upya kwenye jangwa la Arizona, ambako lilifunguliwa mwaka 1971 na liko hadi leo. Nilipofika hapo kwenye kusoma niliweka kikombe cha chai chini.

Kwa watu wa kipato cha kawaida kulikuwa na Judson, kampuni ndogo ya Pennsylvania. Kuanzia miaka ya 1950 iliuza supachaja ya Volkswagen "mgongo wa chura" ambayo mwenye gari aliweza kuifunga nyumbani kwa spana za kawaida. Pembeni yake kulikuwa na kichupa cha mafuta kilichodondosha tone tone ili isisage. Chupa ikikauka, mashine ilikufa.

Kwa nini watu wale waliweza kufunga vitu hivi nyumbani na kuendesha miaka? Hapa ndipo penye siri yote. Petroli ya zamani ilikuwa dhaifu, kwa hiyo watengenezaji waliziacha injini zao na kompresheni ndogo. Volkswagen ile ya nguvu 36 ilikuwa na kompresheni ya 6.6 kwa 1. Ford V8 ya zamani ilikuwa kwenye eneo hilohilo. Kiwanda kiliacha nafasi, na supachaja ikaingia kwenye nafasi hiyo. Injini za leo ni hadithi nyingine. Petroli imekuwa bora, kompyuta zimeingia, na kiwanda kimeila nafasi ile chenyewe: kompresheni ya 10 kwa 1 au 11 kwa 1 ni jambo la kawaida. Anayekuja kuongeza hewa anakuta meza imeshaliwa.

Wajapani wanatuonyesha hili waziwazi. Toyota waliweka supachaja kwenye Crown mwaka 1985. Mwaka uliofuata wakaiweka kwenye MR2, kwa injini ya 4A-GZE ya lita 1.6 na nguvu 145. Injini hiyo ni ya ukoo wa 4A-GE isiyo na supachaja, lakini Toyota hawakufunga kifaa wakaenda kulala. Walishusha kompresheni hadi 8 kwa 1, wakaweka pistoni za kufuliwa zenye nguvu zaidi, wakaongeza intakula ya kupoza hewa, na kifaa kikapewa klachi ya umeme kama ile ya Mercedes wa 1921. Kiwanda kikiongeza hewa, kinabadilisha pia tumbo litakaloipokea.

Na hapa Afrika Mashariki tuna kumbukumbu yetu. Safari Rally ya Kenya mwaka 1993 ilishindwa na Juha Kankkunen kwa Toyota Celica yenye tabo. Lakini Subaru walileta kigari kiitwacho Vivio, injini ya sentimita za ujazo 658 yenye supachaja, kitu ambacho ukikiona Kariakoo utadhani kimepotea njia. Colin McRae alikikimbiza kwa namna iliyowashangaza watu, hadi vyuma vya chini vilipokatika. Mkenya Patrick Njiru hakuwa na papara. Alifika mwisho, wa 12 kati ya wote, na kushinda daraja lake. Injini ndogo kuliko ya pikipiki kubwa, kwenye vumbi na makorongo ya Safari, ikashindiliwa hewa siku zote hizo na haikufa! Ilikuwa imezaliwa kwa kazi hiyo.

Nayaandika haya kwa sababu ya kijana mmoja wa mtaani kwetu. Ana Toyota ya lita 1.8, kompresheni 10 kwa 1, gari analoliendesha kazini na kumpelekea mama yake kliniki. Amepata mtu wa kumuuzia supachaja iliyotumika kutoka Japani, na anataka kuchukua mkopo wa SACCOS. "Kaka, nikifunga hii si napata farasi arobaini wa bure?" aliniuliza. Tukaenda kwa fundi mmoja mtu mzima ambaye nampenda kwa sababu hana haraka. Fundi aliigeuza ile mashine mikononi, akaisifu, kisha akauliza swali moja: "Hewa utaiongeza, mwanangu. Petroli itatoka wapi?"

Tufanye hesabu naye. Tairi la gari dogo linajazwa upepo wa 30 hivi. Supachaja ya kufunga kwenye injini isiyofunguliwa huongeza 6 au 7 tu kwa kipimo hichohicho. Inaonekana kidogo, lakini hewa ya kawaida kwenye usawa wa bahari ni 14.7, ukiongeza 6 umeongeza asilimia 40 ya mgandamizo. Ukitoa hasara ya joto na chakula cha supachaja yenyewe, nguvu zinaweza kupanda kwa robo au theluthi. Kwa hiyo farasi 40 si uongo. Sasa gharama zao. Hewa ya Dar inayoingia na nyuzi 32 inaweza kutoka na zaidi ya 80 kama hakuna intakula. Mhunzi wa Buhaya angefurahi, maana tanuri linapenda hewa ya moto; injini inaichukia. Nozeli zilizopimwa kwa ajili ya hewa ya kawaida zinaweza zisitoe petroli ya kutosha, na mchanganyiko mkavu ndio unaotoboa pistoni. Kompyuta ya gari haijui kwamba kuna mgeni, kwa hiyo inawasha cheche kwa muda uleule wa zamani. Hivyo basi unahitaji nozeli, intakula, kompyuta kupangwa upya, plagi za kufaa, na mtu anayejua kupima wakati gari linakimbia. Vifaa vinavyouzwa Marekani kama seti kamili vina hivyo vyote, na California haviruhusiwi barabarani mpaka mamlaka ya hewa ithibitishe kwamba haviongezi uchafuzi. Seti iliyotumika iliyong'olewa kwenye gari jingine inaweza kuja na nusu yake tu. Na bado hatujagusa breki, ambazo zilichorwa kwa gari lenye nguvu za awali.

Kijana bado hajaamua. Mimi nimemwambia maoni yangu: mkopo huo utaikuta injini yenye umri mkubwa, iliyokwishaanza kula oili, na mama yake bado atakuwa na kliniki Alhamisi. Lakini sikumwambia ni upumbavu, kwa sababu si upumbavu. Navarro hakuwa mpumbavu. Chadwick hakuwa mpumbavu. Waliofanikiwa walikuwa na mambo mawili: injini iliyoachiwa nafasi, na uwezo wa kulipa ikilipuka. Birkin alikuwa na la pili tu, tena kwa fedha za mtu mwingine.

Swali la Bentley na Birkin linabaki: nani ana neno la mwisho juu ya injini, aliyeichora au aliyeinunua? Mimi moyo wangu uko kwa aliyeinunua. Nchi yetu yote inatembea kwa magari ambayo mafundi wetu wameyafanyia mambo ambayo waliyoyachora hawakuyaota. Ila anayechukua neno hilo la mwisho achukue na hesabu yake yote, sio ile ya farasi 40 peke yake.

Muda wenyewe umebaki mfupi. Viwanda vingi vimeshahamia kwenye tabo, na gari la umeme halipumui kabisa. Ukiliandika neno hili kwenye intaneti siku hizi, kwa Kiingereza chake, utaletewa vituo vya kuchajia magari ya Tesla, ambayo kampuni hiyo iliviita jina hilohilo mwaka 2012. Hata jina limeshapata mpangaji mpya.

Ombi langu kwenu: kama kuna anayemfahamu fundi mzee aliyefanya kazi kwenye karakana za Safari Rally miaka ile ya nyuma, Nairobi, Arusha au Kampala, naomba anikutanishe naye. Nataka kumsikiliza kabla habari hizi hazijabaki kwa wageni peke yao. Nauli nitajilipia.